Motokaa ya Nyumbani na Motokaa ya Kigeni: Ipi Ina Thamani Zaidi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya kujifunza kabla ya somo
(Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni, na wanafunzi wayasome pamoja mara mbili.)

Ubora – wema wa kitu katika kazi yake, si uzuri wa macho tu.
Thamani – faida uipatayo katika kitu, ukiilinganisha na fedha uzitoazo.
Kasoro – upungufu au kosa katika kitu kilichotengenezwa.
Vipuri – viungo vipya vya kubadilisha vilivyochakaa. Wengine husema spea.
Kuunganisha – kushikanisha vipande vingi mpaka viwe kitu kimoja.

Somo lenyewe

Natumaini kila mtu amekwisha kaa mahali pake, na daftari ziko wazi. Leo kuna kusikiliza, na mwisho kuna hesabu kidogo, kwa hiyo kalamu zisiwe mbali.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalobishaniwa kila mahali penye watu wawili na motokaa moja. Mmoja husema, "Kitu kizuri ni kile kitokacho nje." Mwenziwe humjibu, "La, tununue cha nyumbani, fedha zibaki nyumbani na ndugu zetu wapate kazi." Kila mmoja ana sababu yake. Lakini sababu peke yake haitoshi pale ambapo fedha za miaka mingi zitatolewa kwa siku moja. Kwa watu wengi, baada ya nyumba na shamba, hakuna kitu cha bei kubwa kuliko motokaa. Akikosea mtu katika ununuzi wa kofia, atapata hasara ya kofia. Akikosea katika ununuzi wa motokaa, watoto wake nao watalipa.

Kwa mfano wetu twendeni kwanza Marekani. Pengine mtu atauliza, "Kwa nini tuende mbali hivyo?" Jawabu lake ni kwamba mabishano haya yamedumu huko kwa miaka mingi, tena huko ndiko lilikotokea jambo moja katika kiwanda kimoja, ambalo lilionyesha wazi ubora wa motokaa unatoka wapi. Tukikwisha kulijua jambo hilo, tutarudi kwetu na kufanya hesabu yetu wenyewe.

1. Siku ambazo motokaa ya nyumbani ilitawala

Mwaka 1908 Bwana Henry Ford alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T. Mwanzoni bei yake ilizidi dola 800, nayo ilikuwa fedha nyingi sana siku zile. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park karibu na mji wa Detroit, akaanza kutumia mstari unaotembea. Maana yake ni hii: mfanyakazi hakuifuata motokaa, bali motokaa ilivutwa mpaka mbele yake. Yeye alifunga kipande chake kimoja, nayo ikaenda kwa mwenzake, na mwenzake akafunga chake. Kazi ikawa ya haraka, na bei ikashuka mpaka chini ya dola 300. Ilipofika mwaka 1927, Model T zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimekwisha tengenezwa. Hata mkulima wa kawaida aliweza kujinunulia motokaa.

Baadaye makampuni matatu yalishika karibu biashara yote ya motokaa huko, yaani General Motors, Ford na Chrysler. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, General Motors peke yake iliuza karibu nusu ya motokaa mpya zote zilizonunuliwa nchini Marekani. Zilikuwa kubwa, nzito na zenye nguvu, nazo zilikunywa petroli nyingi. Lakini petroli ilikuwa rahisi, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Motokaa za kigeni zilikuwapo, ila zilikuwa chache. Mwaka 1957 kampuni ya Toyota ya Japani ilipeleka Marekani motokaa yake iitwayo Crown. Haikufaulu. Katika barabara ndefu za mwendo wa kasi injini yake ilishindwa kuvumilia, na baada ya miaka michache ilibidi mauzo yake yasimamishwe. Basi, Mmarekani aliyesema wakati ule kwamba motokaa ya nyumbani ni bora kuliko ya Kijapani hakusema uongo.

Naomba mkumbuke jambo hili, maana litatufaa mbele: sifa ya motokaa ina tarehe yake, kama dawa. Sifa ya kweli ya mwaka huu huenda isiwe kweli baada ya miaka ishirini.

2. Mgeni anajifunza, mwenyeji analala

Wajapani hawakukaa wakalaumu barabara za Marekani. Walirudi wakaangalia kasoro zao. Hata kabla ya hapo, mwaka 1950, mtaalamu mmoja Mmarekani aitwaye W. Edwards Deming alikuwa amekwenda Japani kuwafundisha mainjinia na wakuu wa viwanda jinsi ya kuhesabu kasoro na kutafuta chanzo chake. Alitoka Marekani kwenda kufundisha, na wanafunzi wake wakasikia. Kwa muda mrefu, watu wa kwao hawakumsikiliza sana.

Mwaka 1965 Toyota ilirudi Marekani na motokaa mpya iitwayo Corona, ambayo iliweza kustahimili barabara zile. Mwaka 1968 ikapeleka Corolla. Zilikuwa motokaa ndogo, zisizo na madoido, lakini ziliwaka asubuhi na kumfikisha mtu aendako.

Kisha mwezi wa Oktoba mwaka 1973 vikatokea vita vya Mashariki ya Kati, na nchi za Kiarabu zenye mafuta zikazuia mafuta yasiende Marekani. Katika miezi michache bei ya mafuta ghafi duniani ikapanda karibu mara nne. Watu wakapanga foleni ndefu penye vituo vya petroli. Yule aliyekuwa akiringia ukubwa wa motokaa yake sasa aliulizana na jirani, "Hii yako ndogo hutumia petroli kiasi gani?"

Makampuni ya Marekani nayo yalikuwa yameanza kutengeneza motokaa ndogo. Mmojawapo ni Chevrolet Vega, iliyotoka mwaka 1970. Lakini bodi yake ilishikwa na kutu upesi, na injini yake ilipatwa na matatizo mengi. Aliyeinunua kwa kuwa ni ya nyumbani, akaona inaoza mbele ya macho yake, safari ya pili hakurudi. Mwaka 1980 Japani ikaipita Marekani kwa wingi wa motokaa zilizotengenezwa kwa mwaka.

3. Hasira haikuponya kitu

Sasa viwanda vilifungwa, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Huu si mchezo, ndugu zangu. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini akiambiwa asirudi kesho, nyumba nzima hutetemeka.

Mwaka 1981 serikali za Marekani na Japani zilipatana kwamba Japani isipeleke motokaa zaidi ya 1,680,000 kwa mwaka. Matokeo yake yalikuwa nini? Motokaa za Kijapani zilipokuwa chache kuliko wanunuzi, bei yake ilipanda. Mnunuzi ndiye aliyelipa.

Tena hasira iliingia mioyoni mwa watu. Mwezi wa Juni mwaka 1982, katika eneo la Detroit, kijana mmoja aitwaye Vincent Chin aligombana na wanaume wawili kilabuni. Mmoja wao alikuwa msimamizi katika kiwanda cha motokaa, na mwingine alikuwa amepoteza kazi katika kazi hiyohiyo. Shahidi mmoja alisema alimsikia mmoja wao akiwalaumu watu wa namna ya Chin kwa kuwakosesha watu kazi. Wakamfuata, wakampiga kwa gongo la mchezo, naye akafa baada ya siku chache. Kijana huyo hakuwa Mjapani, wala hakuwa muuza motokaa. Alikuwa raia wa Marekani wa asili ya Kichina. Waliomwua hawakufungwa, walipewa muda wa kuangaliwa tabia na faini ya dola 3,000 kila mmoja.

Nimeyataja haya kwa sababu kubishana juu ya vitu vya nyumbani na vya kigeni huweza kumfanya mtu aache kuitazama kasoro ya kitu, akaanza kumtazama mwenzake kwa jicho baya. Kasoro inabaki palepale.

4. Kiwanda cha Fremont

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Katika mji wa Fremont, jimbo la California, General Motors ilikuwa na kiwanda kikubwa. Sifa yake ilikuwa mbaya sana. Siku za kawaida, mfanyakazi mmoja katika kila watano hakufika kazini. Wengine walikunywa pombe kazini. Wafanyakazi na wasimamizi walishtakiana kila siku. Tena kulikuwa na mwiko mmoja mkubwa: mstari wa kazi usisimamishwe kwa sababu yoyote. Mtu akiona kipande kimefungwa vibaya, aliacha kiende. Motokaa zilitoka mwisho wa mstari zikiwa na kasoro, zikarundikwa uwanjani zingoje kutengenezwa upya. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa. Watu wengi wakasema, "Wafanyakazi wa pale ni wavivu, hawafai."

Mwaka 1984 kiwanda kilekile kikafunguliwa tena kwa ushirika wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. General Motors ilitoa kiwanda, na Toyota ikaongoza kazi. Je, waliajiriwa wafanyakazi gani? Wengi wao walikuwa walewale wa zamani, pamoja na chama chao kilekile cha wafanyakazi.

Toyota iliwapeleka mamia yao Japani, wakaone kazi inavyofanywa. Waliporudi, juu ya mstari wa kazi palikuwa na kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro aliivuta, msimamizi akaja mbio, si kwa kumgombeza, bali kwa kumwuliza, "Kuna shida gani, nikusaidie?" Kama haikuweza kurekebishwa mara moja, mstari wote ulisimama. Wahenga wetu wamesema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Kamba ile ilikuwa ya kuziba ufa. Wafanyakazi walifanya kazi kwa vikundi, na aliyetoa shauri la kuirahisisha kazi alisikilizwa. Ile hali ya watu kutofika kazini ikapungua sana.

Watafiti wa chuo kikuu cha MIT walivilinganisha viwanda vitatu katika miaka ya 1986 na 1987. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni.

Kiwanda cha General Motors, Framingham, Marekani: saa 31 za kazi kwa kuunganisha motokaa moja, kasoro 135 kwa kila motokaa 100.

Kiwanda cha Toyota, Takaoka, Japani: saa 16, kasoro 45.

Kiwanda cha NUMMI, Fremont, Marekani: saa 19, kasoro 45.

Someni tena mstari wa mwisho. Fremont ni Marekani. Mikono ilikuwa ya Wamarekani, na wengi wao ndio waliokuwa wakiitwa wavivu. Lakini kasoro zao zilikuwa sawasawa na za Japani. Kiwanda cha Framingham kilikuwa Marekani vilevile, nacho kilikuwa na kasoro mara tatu. Framingham kikafungwa mwaka 1989.

Basi, ubora haukutoka katika damu ya Mjapani, wala ubaya haukutoka katika damu ya Mmarekani. Ubora ulitoka katika namna ya kuongoza kazi: mtu aruhusiwe kusema kweli juu ya kasoro, na akisema asikilizwe. Pale mfanyakazi anapoogopa kusema, mnunuzi ndiye atakayeigundua kasoro, tena akiwa njiani.

Sitaki mfikiri kwamba ubora ni kinga ya kila kitu. Mwaka 2009 General Motors ilifilisika, ikajitoa katika ushirika ule, na mwaka 2010 Toyota nayo ikaacha. Kiwanda kikanunuliwa na kampuni ya Tesla, itengenezayo motokaa za umeme. Lakini kwa miaka ishirini na mitano maelfu ya watu walipata riziki pale, mahali palipokuwa pamehesabiwa kuwa pamekufa.

5. Mapacha wenye majina mawili

Kiwanda kile kilitupa fundisho la pili, nalo ni juu ya bei. Kwenye mstari mmoja, kwa mikono ileile, zilitoka motokaa mbili. Moja iliitwa Toyota Corolla. Nyingine kuanzia mwaka 1989 iliitwa Geo Prizm, ikauzwa na General Motors katika maduka ya Chevrolet. Sura na mapambo vilitofautiana kidogo, lakini injini na viungo vingi vya ndani vilikuwa vilevile. Walikuwa mapacha.

Lakini zilipouzwa zikiwa zimekwisha tumika, Corolla ilipata bei kubwa kuliko Prizm ya umri uleule. Kwa nini? Kwa sababu ya jina. Kwa hiyo aliyenunua Prizm kuukuu alipata karibu motokaa ileile kwa fedha kidogo, na aliyeuza Corolla alipata fedha nyingi kwa sababu ya jina lake. Jina lina bei yake. Wewe ukinunua, jiulize: ninalipia chuma, au ninalipia jina? Na siku ya kuuza, jina hilo litanirudishia fedha au halitanirudishia?

6. Ya nyumbani ni ipi?

Jambo jingine ni kwamba siku hizi ni vigumu kujua motokaa ni ya wapi. Mwaka 1982 kampuni ya Honda ilianza kuunganisha motokaa zake katika jimbo la Ohio, Marekani. Jina ni la Kijapani, wafanyakazi ni Wamarekani. Na kampuni ya Chrysler, ambayo ni miongoni mwa yale matatu ya zamani, tangu mwaka 2021 imo ndani ya kampuni ya Stellantis, ambayo makao yake makuu yako Uholanzi. Ndiyo maana mwaka 1992 Marekani ilitunga sheria kwamba kila motokaa mpya ibandikwe karatasi inayoonyesha viungo vyake vimetoka wapi kwa kiasi gani, na imeunganishwa wapi.

Jambo hili liko kwetu pia. Mjini Nairobi kuna kiwanda kinachounganisha malori na pikapu za Isuzu. Hapo zamani kiliitwa General Motors Kenya, na kuanzia mwaka 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Lori likitoka pale, baadhi ya viungo vyake vimesafiri baharini, na wengine waliolifunga wanakwenda nyumbani kwao jioni kwa basi. Je, ni la nyumbani au la kigeni? Ni vyote viwili.

Wala mtu asidhani kwamba cha kigeni hakina hila. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iliweka katika motokaa zake za dizeli programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Motokaa kama milioni 11 duniani zilihusika. Na kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa, ile inayofura wakati wa ajali ili kumkinga mtu. Baadhi yake ililipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma, ikaua watu. Mamilioni mengi ya motokaa za makampuni mbalimbali ziliitwa zirudi zibadilishwe mifuko hiyo, na mwaka 2017 kampuni ile ikaomba kutangazwa mufilisi. Jambo hili linatuhusu, kwa maana motokaa nyingi za Afrika Mashariki zimetumika kwanza Japani, ambako huendeshwa upande wa kushoto wa barabara kama kwetu.

7. Turudi kwetu na kalamu mkononi

Sasa tufanye hesabu. Tuseme chama cha akiba chenye watu 12 kinataka pikapu ya kubeba mazao kwenda sokoni. Wameona pikapu mbili. Namba hizi ni za mfano tu, lakini njia ya hesabu ni ya kweli.

Pikapu ya kwanza inauzwa shilingi 20,000,000. Matengenezo yake ni shilingi 1,000,000 kwa mwaka, na petroli ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Baada ya miaka minne itauzwa shilingi 12,000,000.

Pikapu ya pili inauzwa shilingi 15,000,000. Matengenezo yake ni shilingi 2,500,000 kwa mwaka, kwa sababu vipuri vyake ni vya kuagiza, na petroli ni shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Baada ya miaka minne itauzwa shilingi 5,000,000, maana wanaoitaka ni wachache.

Wanachama wengi watasema, "Tuchukue ya pili, tutaokoa shilingi milioni tano." Haya, tuhesabu kwa miaka yote minne.

Ya kwanza: bei 20,000,000, matengenezo 4,000,000, petroli 12,000,000. Jumla 36,000,000. Ondoa 12,000,000 za kuuzia. Inabaki 24,000,000.

Ya pili: bei 15,000,000, matengenezo 10,000,000, petroli 16,000,000. Jumla 41,000,000. Ondoa 5,000,000 za kuuzia. Inabaki 36,000,000.

Tofauti ni shilingi 12,000,000. Gawanya kwa watu 12. Kila mwanachama amepoteza shilingi 1,000,000 katika kile alichokiita rahisi. Hapo hatujahesabu siku ambazo pikapu imelala gereji na nyanya zinaoza. Wazee walisema kweli waliposema kwamba cha rahisi huwa ghali.

Angalieni tena: katika hesabu hii sikuwaambia pikapu ipi ni ya nyumbani na ipi ni ya kigeni. Hesabu haikuuliza. Lakini kama hesabu za pikapu mbili zinakaribiana, na moja imeunganishwa na mikono ya ndugu zetu, hapo ni vema kuichukua hiyo, maana mshahara wao utanunua hizo nyanya zetu. Bali kununua kitu kibaya kwa kukionea huruma hakumwokoi aliyekitengeneza. Fremont ya zamani ilikuwa ya nyumbani, na ilifungwa.

Kabla ya kutoa fedha, fanyeni mambo haya. Kwanza, nendeni stendi ya magari mkaone ni aina gani iliyo nyingi. Iliyo nyingi ina vipuri na ina mafundi. Pili, ulizeni bei ya vipuri vinne au vitano dukani, kama breki, klachi na springi, kabla hamjauliza bei ya motokaa yenyewe. Tatu, nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji, naye aingie chini aangalie kutu na mafuta yanayovuja. Nne, msiiamini saa ya kilomita peke yake, maana huweza kurudishwa nyuma. Tazameni kama pedali na usukani vimelika kuliko saa inavyosema. Tano, someni namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, mlinganishe na kadi ya motokaa, herufi kwa herufi. Kisha ipelekeeni namba hiyo wakala wa kampuni iliyoitengeneza, mumwulize kama motokaa hiyo imeitwa kurudishwa kwa ajili ya mifuko ya hewa au kasoro nyingine.

Hili la tano ndilo tunda la kusoma. Mtu asiyejua kusoma humtegemea muuzaji amsomee. Nyinyi sasa mtajisomea wenyewe, na hakuna atakayewaambia kwamba 8 ni 3.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini motokaa ya Toyota haikufaulu Marekani mwaka 1957?
2. Ni nini kilichobadilika katika kiwanda cha Fremont, na ni nini ambacho hakikubadilika?
3. Kamba iliyokuwa juu ya mstari wa kazi ilikuwa ya nini? Je, katika kazi yenu kuna "kamba" kama hiyo?
4. Baiskeli moja inauzwa shilingi 300,000 na hudumu miaka 6. Nyingine inauzwa shilingi 200,000 na hudumu miaka 2. Kila moja inagharimu kiasi gani kwa mwaka?
5. Kila mwanafunzi aandike mistari mitano juu ya kitu alichokinunua, aeleze kama thamani yake ilikuwa sawa na bei yake.

Mwalimu wa darasa asimsaidie mwanafunzi katika swali la nne mpaka amejaribu mwenyewe mara mbili.

Juma lijalo tutajifunza jinsi ya kusoma na kuandika hati ya mauziano, ili mtu akinunua kitu awe na karatasi ya kumlinda. Mpaka hapo, kwaherini, na kusoma kwema.